Mayai ya Mwaka Ule

Jiwe namba mia tatu kumi na saba
limelala nyasini, tumbo juu,
namba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu
na vijana waliotumwa kutoka Manila.
Wanasema kila jiwe litarudi mahali pake.
Mimi nafagia. Nawasikiliza.

Kanisa letu la Tagbuhi liliporomoka upande mmoja
alfajiri ya tetemeko, kabla ya Misa ya kwanza,
likabaki na upande wa pili, kama mtu
aliyeitwa jina akageuka nusu.
Mnara wa kengele haukuanguka.
Ulijengwa kando, mfupi, mnene, miguu imepanuliwa,
maana waashi waliijua ardhi hii:
hapa nyumba ya mawe haisimami, inachuchumaa.

Kitabu cha parokia kinasema:
Limejengwa na Padri Gaspar Iruela.
Padri Gaspar! Kwake mwiko ulikuwa mwiko,
hakuushika hata siku moja.
Ilianza kujenga bahari,
iliyootesha matumbawe punje kwa punje;
kisha Crisanto Lumapas na wenzake wa zamu,
siku arobaini kila mwaka bila ujira,
wakiyakata maji yanapokupwa,
wakiyaburuta kwa nyati hadi mlimani,
chumvi ikiwatafuna vidonda.
Aliyetorokea msituni, zamu yake aliibeba mkewe.

Na mayai.
Amri ilisomwa baada ya mahubiri:
kila nyumba mayai mia kabla ya Kwaresima,
ute wa kukandia chokaa, kuta zishikane.
Eustaquia, bibi wa bibi yangu,
alikuwa na kuku wanne. Piga hesabu mwenyewe.
Alikopa mayai, akalipa kwa kufuma mikeka,
akakopa tena.
Mwaka ule, ndivyo tulivyosimuliwa,
hakuna kifaranga kilicholia Tagbuhi.
Ute uliingia ukutani.
Viini vilikwenda jikoni kwa padri,
vikarudi siku ya Pasaka vimekuwa halua,
kipande kwa kila mtoto,
na watoto wakalamba vidole, wakasema asante.

Madirisha yalikuwa ya magamba ya chaza,
membamba hata jua lilipita likiwa maziwa.
Nilipokuwa mdogo nilidhani
mwanga wa namna ile hutoka kwa Mungu tu.
Malaika wa kushoto wa altare ana pua bapa
na kidole gumba kilichokatika.
Hakutoka Hispania huyo.

Wageni huniuliza: unalipenda, au unalichukia?
Ni swali la mtu aliyekuja asubuhi
na jioni ana basi la kuwahi.
Humu nilibatizwa. Humu niliolewa.
Humu Nestorio wangu alilala mbele ya altare
ndani ya sanduku la mbao rahisi,
na ukuta huu nikauegemea, ukanibeba.
Ukuta wa Crisanto. Ukuta wa kuku wanne.

Jana walilipindua lile jiwe.
Upande wa nyuma, uliotazama ndani ya ukuta,
ambao hakuna jicho lililouona tangu enzi ya zamu,
mtu alichora kwa ncha ya patasi
kuku:
mkia juu, mdomo wazi, macho mawili upande mmoja
kwa jinsi mchoraji alivyokuwa na haraka.
Vijana walipiga picha, wakapima,
wakabishana kama ni njiwa, Roho Mtakatifu.
Nilicheka hadi nikakaa chini.

Nikauliza, mtalirudisha likitazama wapi?
Kama lilivyokuwa, akasema mkubwa wao. Ndani.
Nilifungua mdomo nimpinge,
nikaufunga.
Miaka yote hiyo gizani, hakuna aliyemhesabu,
hakuna aliyemdai yai.
Mwache aatamie.

Walipokuwa wakikoroga chokaa mpya
kijana mmoja alinitania: Nanay,
safari hii mayai yenu hatuyahitaji.
Tukacheka wote.
Hata hivyo, jioni ile
banda langu nililifunga mapema.